Elfu kumi, baraza lililobabuka na ua wa familia nne: nianzie wapi?

Mpangaji wa Majengo

Assalaam aleikum na hamjambo nyote.

Nimepanga vyumba viwili vya mbele katika nyumba ya Kiswahili hapa Majengo, Mombasa, ile ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Nakaa na mamangu. Magoti yamemchosha, na mchana wake wote huupitisha ama barazani ama uani, kwa hivyo kwetu sebule hasa ni huko nje. Ndani pana kitanda, kabati na feni, panatosha.

Shida ni baraza. Miaka miwili iliyopita niliupaka ukuta wa mbele rangi ya mafuta kwa sababu niliambiwa ndiyo imara na hupanguseka. Haikumaliza mwaka. Ilifanya malengelenge kuanzia chini, ikababuka mapande mapande, na nyuma yake kuna unga mweupe ambao ukiuonja ni chumvi tupu. Mamangu akiegemea, mgongo wote wajaa magamba ya rangi. Uani nako tuko familia nne, kuna kisima, kamba za nguo, na jua la kuanzia saa nne mpaka saa kumi bila kivuli hata cha kuweka kigoda.

Nina shilingi elfu kumi. Nataka pawe pazuri, pa kumfurahisha mtu akikaa, na padumu. Picha za mapambo ninazoziona kwenye simu nyingi zimepigwa mahali pasipo na chumvi hewani wala unyevu huu wetu, ndiyo maana nauliza watu wa hapa.

Fundi Chokaa

Dada, usinunue kopo lolote kabla hujajua ukuta wako ni wa nini. Kwaruza pembeni, mahali padogo. Ukikuta jiwe la rangi ya maziwa lenye vitundu vitundu, hilo ni tumbawe, na tumbawe hunywa maji. Unyevu hupanda kutoka ardhini, hubeba chumvi, kisha hutafuta pa kutokea. Ukiuziba ukuta kwa rangi ya mafuta, maji hayapati njia, chumvi huganda nyuma ya rangi, huvimba na kuisukuma. Malengelenge yako ndiyo hayo. Ukuta haukuwa na kosa, ulinyimwa pumzi.

Wazee walijenga kwa matumbawe na chokaa, wakapaka chokaa, kwa sababu vitu hivyo ni ndugu: chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe yaliyochomwa. Fort Jesus, ambayo ujenzi wake ulianza 1593, ni matumbawe na chokaa, na iko mdomoni mwa bahari mpaka leo.

Kwa hivyo: kwaruza rangi yote ya mafuta, yote, maana chokaa haishiki juu yake. Piga ukuta brashi kavu utoe unga wa chumvi. Usiuoshe kwa maji mengi, utairudisha chumvi ndani. Acha upumzike wiki mbili wakati huu wa kaskazi, upepo ni mkavu. Chokaa iloweke kwenye ndoo ya plastiki usiku kucha, asubuhi ikoroge na kuichuja kwa kitambaa mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Wengi hukosea hapo. Wanaitaka nzito ili wamalize kwa mkono mmoja, ikikauka inapasuka. Rowesha ukuta kidogo, paka nyembamba, subiri siku moja, paka tena, na mara ya tatu. Ikiwa mbichi utaona kama hujapaka kitu. Inaanza kuwa nyeupe inapokauka.

Vaa glavu na miwani. Chokaa huunguza ngozi, na jichoni ni hatari kweli. Watoto wasikaribie ndoo.

Kama ukuta wako ni wa matofali ya simiti na si tumbawe, niambie kwanza. Huko rangi ya maji ya kawaida yafaa.

Mpangaji wa Majengo

Nimekwaruza. Ni tumbawe, vitundu vitupu. Sasa naelewa.

Swali: chokaa si hushika nguo? Mamangu huegemea.

Fundi Chokaa

Hushika, sitakuficha. Lakini hilo lina dawa ya zamani: jamvi refu la ukili, upana wa mgongo wa mtu aliyekaa, unalitundika ukutani kuanzia usawa wa kiti. Ukuta hupumua nyuma yake na mgongo hauguswi na chokaa. Na lapendeza kuliko rangi yoyote.

Bi Mkubwa wa Kuze

Mwanangu, nimesoma nikafurahi kuona mtu yuwamuwazia mamake kabla ya kuwaza televisheni. Mungu akulipe.

Nataka kusema neno kuhusu baraza. Baraza ni la nyumba, lakini lakaa njiani. Mpita njia hulikalia, mgeni asiyeingia ndani hupokelewa pale, wazee hucheza bao pale, maiti akitoka watu hukaa pale. Kwa hivyo usilijaze vitu. Nimeona vijana wanaweka vyungu vya maua kila mahali, mtu hana pa kuweka makalio, na baraza likifika hapo si baraza tena. Acha liwe tupu na safi, weupe wake, jamvi lake mgongoni, na mkeka unaotandikwa alasiri na kukunjwa usiku. Pambo moja lakutosha.

Mambo ya maua, taa, mito na rangi za kuchangamsha peleka uani. Zamani sisi wanawake uhai wetu ulikuwa uani: hapo twasukana, twachambua mchele, twatia udi kwenye chetezo nguo zikifukizwa. Ua wetu Kuze ulikuwa na asmini moja tu kwenye pembe, na mrehani kwenye madebe mawili. Jioni ukifungua mlango wa nyuma ile harufu inakupokea. Twachuma, twafunga vikuba. Hakuna kitu nilichowahi kununua dukani kikanipa furaha ile.

Mpangaji wa Majengo

Bi mkubwa, nashukuru sana. Nilikuwa nishapanga vyungu sita barazani. Nitavipeleka uani.

Kijana wa Shimanzi

Kwa viti vya uani, tafuta paleti, zile fremu za mbao za kupangia mizigo. Mji wenye bandari kama huu, paleti kuukuu ziko kwenye yadi nyingi upande wa Shimanzi na Changamwe, na ni bei ya chini ukilinganisha na mbao mpya. Mbili zinatosha benchi la watu watatu: moja ikatwe nusu, vipande vipangwe viwe kikalio, nyingine isimame iwe mgongo.

Lakini kabla hujalipa angalia muhuri uliochomwa kwenye mbao. Paleti za safari za kimataifa hutakiwa ziwe zimetibiwa dhidi ya wadudu. Ukiona herufi HT, zilitibiwa kwa joto, hizo chukua. Ukiona MB, zilifukizwa methyl bromide, ambayo ni sumu. Achana nazo, usikalie wala usizichome jikoni. Na paleti yenye madoa ya mafuta au harufu ya dawa usiinunue hata ikiwa na HT, hujui ilibeba nini.

Jambo la pili ni misumari. Ya kawaida hapa kwetu hula kutu kabla ya mwaka kwisha, na kutu ile humwagika michirizi ya kahawia juu ya chokaa yako nyeupe. Tumia skrubu zenye zinki. Zimezidi bei kidogo, na ni hapo tu kwenye kazi nzima ambapo ningekuomba usibane pesa.

Shangazi wa Tudor

Wanangu, msipake oili chafu ya gari kwenye benchi la kukalia. Najua wengi hufanya hivyo kuzuia mchwa. Nguo huharibika, harufu haiishi, na ngozi ya mtu mzima yaumia. Inua miguu ya benchi juu ya vipande vya vigae isiguse udongo, na kila mwezi ligeuze uangalie chini. Mchwa hujionyesha mapema kwa mwenye kuangalia.

Mshonaji wa Makadara

Mimi ni wa vitambaa. Nenda Mtaa wa Biashara, tafuta leso za pamba nzito, ushike kitambaa kwa vidole usinunue kwa macho tu. Leso moja hufanya foronya mbili za mito ya kukalia na bado utabaki na pindo la kuzungushia kitambaa cha meza. Ukishona, panga mji wa leso uwe katikati ya mto, maana lile ua kubwa la katikati ndilo pambo. Pindo likikatwa vizuri laweza kwenda kwenye mapazia ya mlango. Loweka kwanza uone kama yachuja. Kwa ndani ya mto usinunue sponji mpya; godoro kuukuu likatwe, lianikwe juani siku nzima.

Jua huifuta leso haraka, hasa nyekundu na zambarau. Kwa hivyo mito ya uani iwe kama mkeka, itoke alasiri, irudi ndani Magharibi.

Halafu dadangu, soma jina la leso kabla hujalipa. Ua wenu ni wa familia nne. Leso yenye fumbo la ushindani ukiitundika kamba ya katikati, jirani atadhani ameambiwa yeye, na huwezi kumshawishi vinginevyo. Nimeshuhudia watu walioacha kusalimiana miezi kwa ajili ya leso iliyonunuliwa kwa sababu ya rangi yake. Tafuta zenye dua au shukrani.

Mpangaji wa Majengo

Hilo la jina sikuliwaza kabisa, na kweli nilikuwa nimeiona moja nzuri ya buluu yenye maneno makali. Asante.

Sasa kivuli. Fundi mmoja amenishauri banda dogo la makuti uani. Nafikiri mamangu atapenda, ni baridi kuliko mabati.

Kijana wa Shimanzi

Makuti hayana mpinzani kwa baridi. Sema ndiyo.

Shangazi wa Tudor

Hapana. Samahani mwanangu, makuti nayapenda, nimelelewa chini yake, lakini ua wa familia nne una majiko mangapi? Cheche moja ya makaa wakati wa kaskazi, makuti yamekauka, upepo unavuma, na nyumba zimegusana. Majengo si shamba la Kikambala lenye nafasi ya kukimbia. Anayepika uani asiezeke makuti uani.

Fundi Chokaa

Naungana na shangazi. Na hata bila moto, makuti yanataka mteremko mkali na kupangwa kwa kubanana, la sivyo mvua ya Mei itapita. Ukihesabu fito, boriti na fundi, elfu kumi zote zimekwisha kwenye paa.

Bustani ya Kisauni

Weka wavu wa kivuli, ule wa kijani au mweusi wa vitalu vya miche. Ufunge kutoka ukutani hadi nguzo mbili, uteremke upande mmoja, na uweze kufunguliwa. Wavu hupitisha upepo, na kwetu upepo ndio nusu ya kivuli. Turubai hukufungia joto chini yake. Ukitaka upendeze, tundika jamvi kuukuu upande wa magharibi tu, kule jua la saa tisa linakotokea, mbali na jiko.

Sasa mimea, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu umesema mna kisima. Yaonje maji yake. Visima vingi vya kisiwani ni vya chumvi. Ukimwagilia maji hayo kwenye chungu kila siku, chumvi hubaki kwenye udongo, utaona ukoko mweupe juu na majani kuungua ncha. Watu hulaumu mmea, wanabadilisha mmea, na wa pili nao wafa. Tumia maji ya kuoshea mchele na mboga, ambayo kila nyumba inayo kila siku, tena kwa familia nne ni ndoo nzima. Mvua ikinyesha, toa vyungu vyote nje ili chumvi ioshwe itoke chini.

Anza na vinavyovumilia: bogenvilia kwenye pembe yenye jua kali, mshubiri, na waridi la jangwani. Hilo la mwisho ni la pwani yetu wenyewe, hukua lenyewe kwenye nyika kavu, shina nene kama chupa, maua ya waridi, na maji kidogo sana. Kwa upande wa kivuli weka vile vyenye majani mapana. Rihani yataka maji matamu, iwe karibu na mlango wa jikoni.

Usinunue vyungu. Ndoo za plastiki za rangi, toboa chini matundu matano, zipake nyeupe kwa nje ili mizizi isipikwe na jua. Madebe ya bati yapendeza lakini hayakai, chumvi itayala.

Muuguzi wa Likoni

Naomba niongeze hapo hapo. Visahani vya chini ya vyungu visikae na maji. Mlipuko wa chikungunya wa 2017 na 2018 uliwalaza watu wengi hapa Mombasa, na mbu wake huzaa kwenye maji safi kidogo yaliyosimama, kisahani, tairi, kopo, kifuu cha nazi. Kutoka yai hadi mbu ni kama wiki moja tu au zaidi kidogo. Weka mchanga kwenye kisahani au usikiweke kabisa. Na wale wanaopaka matairi rangi kuyafanya vyungu au viti, yatobolewe chini kila upande. Mama mwenye magoti mabovu akipata chikungunya, maumivu ya viungo yaweza kumkaa miezi.

Mpangaji wa Majengo

Nimewasoma wote, mara mbili. Nitaanza wiki hii na nitarudi kuwaambia.

Mpangaji wa Majengo

Nimerudi. Samahani kwa kimya. Nilitaka masika ipite kwanza ndiyo niseme kwa uhakika.

Kukwaruza rangi kulichukua siku nne, mimi na wapangaji wenzangu wawili. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kuliko zote. Chokaa na brashi, 1,900. Nilipopaka mkono wa kwanza nilikata tamaa, ukuta ulionekana umelowa tu. Asubuhi nikatoka kwenda kazini nikakuta umekuwa mweupe wa unga wa mkate, na baraza la jirani pembeni likaonekana chafu ghafla. Mikono mitatu. Mvua ya Mei ilipiga mbele siku kadhaa mfululizo. Chini kabisa pamekuwa na doa la unyevu, likakauka lenyewe, hakuna lengelenge hata moja. Pale maji ya paa yanapodondokea pameoshwa kidogo, napaona, nitapagusa tena kaskazi ikirudi.

Jamvi na mkeka, 2,100. Mkeka wa kutandika niliusahau nje usiku mmoja wa mvua na ukaanza kuvu nyeusi pembeni. Nilipangusa kwa maji na ndimu, nikaukausha kivulini, doa limebaki.

Uani: paleti mbili za HT, 1,000, seremala na skrubu, 2,500, leso pea mbili, 1,100, moja ina dua ya wazazi, wavu, 1,200. Zikabaki mia mbili, nikanunua mshubiri wawili. Bogenvilia nilipewa tawi bure na mwanamke wa nyumba ya tatu. Maji ya mchele sasa yana ndoo yake, na kila anayepika anamimina humo bila kuambiwa.

Sikutegemea hili: nilitengeneza benchi kwa ajili ya mamangu, lakini alasiri hulikalii bila kuomba nafasi. Wale jirani ambao zamani kila mtu alifunga mlango wake, sasa wanachambua mboga pamoja chini ya wavu. Mzee wa chumba cha nyuma ametoa kigoda chake cha mbao ambacho kilikuwa chini ya kitanda miaka, akakiweka pale. Ni kizuri kuliko chochote nilichonunua.

Picha siweki kwa sababu akina mama huwa hawajajifunika wakiwa uani. Mtanisamehe.

Bi Mkubwa wa Kuze

Nimelia. Picha usiweke, umefanya vyema. Mpe mamako salamu, mwambie bibi wa Kuze amemuombea magoti.

Fundi Chokaa

Pale maji ya paa yanapodondokea usingoje kaskazi. Weka mfereji wa bati au hata mwanzi uliopasuliwa katikati, upeleke maji kwenye pipa. Ukuta utapona, na utapata maji matamu ya mimea. Pipa liwe na kifuniko, dada muuguzi asituonye tena.

Mpangaji wa Majengo

Pipa lipo, mfereji nitautafuta wiki hii.

Mamangu alisomewa yale maneno ya Bi Mkubwa kuhusu asmini kwenye pembe, na tangu siku hiyo kila akikaa kwenye benchi huinyoshea kidole pembe ya kulia, kando ya mlango wa nyuma. Kuna mtu mwenye asmini ya kukata tawi? Na yapandwaje?

Bustani ya Kisauni

Ninayo, yenye harufu kali. Kata tawi lililokomaa nusu, si laini la kijani wala si gumu kabisa, urefu wa shubiri moja, lisilo na ua. Ondoa majani ya chini, acha mawili ya juu, lichomeke kwenye mchanga wa mto uliochanganywa na udongo mweusi. Mchanga wa bahari usiuguse. Liweke kivulini chini ya huo wavu, maji ya mvua kidogo kila siku mbili, na usilivute kuangalia kama limeshika. Likitoa jani jipya, lihamishie kwenye ndoo na usogeze polepole mpaka kwenye pembe ya mama.

Nakukatia matano, maana mawili hufa. Mambo ya wapi na lini nimekuandikia faraghani.